Mtabiri wa Mvua na Waya wa Paani

Jumatatu, 3 Machi

Mashine imekamilika. Kompyuta ndogo kama kipande cha sabuni, kinasa mawimbi ya redio, waya wa shaba hadi juu ya paa. Nikawasha. Sauti ya mama mmoja ikaanza kusoma upepo na mvua, taratibu, kama anasoma bei za vitunguu. Kituo cha hali ya hewa, moja kwa moja. Nilibaki mdomo wazi. Maneno yake yalikuwa humu chumbani siku zote, tukiyapita tu kwenda kuoga.

Ikitoka tahadhari, mashine inapiga kengele. Sitamwambia mtu. Nitatabiri. Shemeji, kaka wa mke wangu, ameanika matofali mabichi uwanja mzima. Mvua moja tu, yanarudi kuwa tope. Nikiyaokoa, ataacha kuniita Profesa Nyaya.

Jumatano, 5 Machi

Kengele imelia. Nikakimbilia uwanjani, nikafumba macho, nikatangaza dhoruba. Shemeji na vibarua wakafunika matofali kwa maturubai. Jua likawaka mpaka jioni. Shemeji akauliza kama mvua yangu imepotea njia au imepitia kwao kusalimia.

Nyumbani mke wangu akasoma kioo cha mashine: jaribio la kengele, hufanywa kila Jumatano. Akasema, wewe bwana, macho unayo ya kufumba tu?

Nimeiamuru mashine isipige kengele Jumatano. Tatizo limekwisha.

Jumatano, 12 Machi

Nilikuwa kwa kinyozi, nusu kichwa, nikitabiri ukame. Mbingu ikageuka rangi ya sufuria kuukuu. Sijawahi kuona kitu kama kile. Mvua ilisimama mwisho wa barabara kama ukuta, kisha ukuta ukaanza kutembea.

Matofali! Nikakimbia na kitambaa cha kinyozi shingoni.

Yote yamefunikwa. Kengele haikulia, maana ni Jumatano, lakini mke wangu humsikiliza yule mama akiwa anapiga pasi. Aliisikia tahadhari, akampigia kaka yake simu. Saa iliyotajwa, upande uliotajwa, ndivyo ilivyokuja. Nywele zilinisimama, zile zilizobaki.

Alhamisi, 13 Machi

Shemeji amekuja. Akavua kofia mbele ya mashine kama mtu aliye ugenini. Anaomba tuifungie spika uwanjani, vibarua wote wasikie. Sasa mtabiri nitabaki na kazi gani? Nikamwambia imeharibika.

Sijamaliza kusema, yule mama akaanza kusoma hali ya kesho. Shemeji akainua kidole: nyamaza, Profesa. Nyumba nzima ikatulia kusikiliza.

Nikafumba macho, nikatabiri yaleyale, neno kwa neno, nyuma yake kidogo tu.