Sifuri Nukta na Daftari la Vipimo

Nitakachosimulia hapa hakuna atakayekiamini, na simlaumu mtu. Mimi mwenyewe nilikuwepo, nimekaa kitini, macho yote mawili wazi, na bado kila nikikumbuka naamini nusu tu. Nusu iliyobaki nawaachia wenye elimu. Maana nawaambia kwamba programu ya kompyuta ambayo mpwa wangu aliitengeneza kwa miaka minne mfululizo bila kuimaliza, Jumamosi moja, saa tisa alasiri, ilifanya kazi.

Ndiyo. Ilifanya kazi. Na hicho ndicho kilichomponza.

Tuanze na yeye. Ni mtoto wa dada yangu, ana miaka thelathini na mmoja na ndevu tisa, nimezihesabu. Yeye anajiita Mhandisi. Mtaa mzima unamwita Sifuri Nukta, kwa sababu kila ukimuuliza programu imefikia wapi, anakujibu "toleo la sifuri nukta" halafu zinafuata tarakimu. Mwaka wa kwanza ilikuwa sifuri nukta mbili. Mwaka wa nne ikawa sifuri nukta tisa nukta kumi na nne. Niliwahi kumuuliza, kwa upole wa mjomba, moja kamili itafika lini. Akanitazama kama vile nimemuuliza tarehe ya kufa kwake, akasema moja ni kwa watu wenye kiburi.

Mimi shule niliiacha pale hesabu zilipoanza kutumia herufi, lakini programu hii naijua kuliko wengi, maana nimeelezwa mara mia nne, nyingine nikiwa bafuni na sabuni machoni. Iko hivi. Watu wa kawaida wakitaka kutumiana faili, wanalipeleka kwanza kwenye kompyuta kubwa ya kampuni fulani huko mbali, halafu mwenzao analichukua hukohuko. Jambo hilo lilimuudhi mpwa wangu kuliko njaa. Yeye alitaka kompyuta yangu iongee na yako moja kwa moja, bila mtu wa kati, na kila anayepokea naye awe anagawa. Wote sawa, wote wenza. Faili likishatoka, alisema, linabaki kwa kila mwenza. Hakuna kampuni, hakuna serikali, hakuna mkubwa yeyote wa kulirudisha.

"Hata mimi niliyeitengeneza, Mjomba," aliniambia akijipiga kifua, "siwezi."

Alilisema hilo kama mtu anayetangaza ushindi, masikini.

Na msidhani ni programu ya kubonyezabonyeza vipicha. Vipicha ni vya wavivu. Ukiifungua unakuta dirisha jeusi tii, na kialama kimoja kinapepesa kwenye kona kama jicho la mbuzi mwenye usingizi. Hapo unaandika amri kwa vidole vyako. Ukikosea, haikwambii umekosea wapi. Ukipatia, haisemi kitu; inanyamaza tu, kama mtu aliyenuna. Na kabla ya kutekeleza haikuulizi hata "una uhakika?" Tulimshauri aweke swali hilo. Akatujibu kwamba anayejua anachofanya haulizwi maswali.

Kwa kuwa programu ya wenza bila wenza ni sawa na simu ya mtu mmoja, Sifuri Nukta alizunguka mtaa mzima akiiweka kwenye kompyuta za watu. Duka la dawa, ofisi ya shule, saluni, studio ya picha, duka la fotokopi: kompyuta kumi na moja kwa jumla. Wenyewe walidhani ni dawa ya virusi, wakamshukuru. Mwenye saluni alipoona lile dirisha jeusi alilifunika kwa taulo.

Kila mwisho wa mwezi alitukusanya mezani, vikombe vya chai mkononi, akatusomea orodha ya maboresho. Mwezi mmoja programu ilikuwa sasa inakwama kwa haraka zaidi. Mwezi uliofuata, ujumbe wa kushindwa ulikuwa umeandikwa upya kwa lugha nzuri. Tukapiga makofi. Tungefanyaje? Damu ni damu.

Sasa njooni kwenye chumba, maana ugomvi wote ulikuwa wa chumba.

Dada yangu ni fundi cherehani, na si fundi wa viraka; gauni lake likipita barabarani wanaume wanageuka na wanawake wanauliza. Lakini cherehani zake tatu zilibanana sebuleni hivi kwamba ukitaka kukaa sharti uombe ruhusa kwa goti la mtu. Wakati huohuo chumba kikubwa cha nyuma, chenye dirisha na meza ndefu, kilikuwa makao makuu ya Sifuri Nukta, nyaya zake, na kompyuta tatu ambazo mbili hazijawahi kuwaka tangu nizaliwe. Dada alivumilia miaka minne. Kisha muuguzi mkuu wa hospitali akamletea kazi ya sare sitini za wauguzi. Kitambaa kingefika Jumatatu. Kingekatiwa wapi, mapajani?

Dada akamwita mwanawe, mimi nikiwa shahidi. Alimweleza taratibu, kwa ile sauti yake ya kutia uzi kwenye sindano. Nusu ya sare zingeshonwa na mdogo wetu wa kike anayeishi mji mwingine, na huyo alihitaji michoro saba. Jumamosi saa tisa, Sifuri Nukta aitume kwa programu yake. Michoro ikifika, chumba ni chake, na dada atakatia vitambaa uani, juani, na mvua ikinyesha atajua mwenyewe. Isipofika, nyaya zote nje kabla ya Jumatatu.

Kijana alicheka cheko la dharau, lakini mimi nilimwona akiishikilia meza kwa mikono miwili. Kazi nyingine hakuwa nayo, chumba kingine hakuwa nacho, na ile miaka minne yote ilikuwa mle ndani, juu ya meza ile. Wiki nzima hakutoka. Dada alimwachia chakula mlangoni na kuichukua sahani ikiwa vilevile, haijaguswa. Alikonda mpaka shati lilionekana linatembea peke yake.

Jumamosi ikafika. Alivaa tai! Tulikuwa wanne chumbani: yeye, dada, mimi, na muuguzi mkuu, mama mnene mwenye heshima zake, aliyekuja kuangalia vifungo akajikuta kwenye uzinduzi. Mdogo wetu alikuwa hewani, naye kaifungua programu hiyohiyo kwenye kompyuta yake, simu imewekwa sauti ya juu mezani. Sifuri Nukta alitoa hotuba ya dakika kumi kuhusu uhuru wa wanadamu. Akakaa, akavunjavunja vidole mpaka vikalia, kama rubani anayetaka kurusha ndege yenye marais sita, akaanza kuandika.

Kwa haki, alitakiwa kuandika jina la kila mchoro, mmoja baada ya mwingine, mara saba. Lakini hiyo ni kazi ya makarani. Mtu mkubwa huamuru kwa mkupuo. Michoro yote ilikuwa kwenye folda moja inayoitwa Kazi ya Mama, kwa hiyo akaiambia programu igawe folda nzima. Akabonyeza.

Kimya. Kialama kinapepesa. Dakika ya kwanza, dakika ya pili. Muuguzi mkuu akaangalia saa yake. Dada akaanza kuangalia nyaya, kama mtu anayekadiria zitaingia mifuko mingapi.

Ndipo simu ikasema, "Imefika! Michoro yote saba, safi kabisa. Na daftari la vipimo nimelipata, asante mwanangu."

Sifuri Nukta hakusikia lile la mwisho. Alikuwa ameruka, ameangusha kiti, amenikumbatia mimi, kisha akaikumbatia kompyuta. Alilia kweli. Na mimi, nisiwafiche, kuna kitu kiliniingia machoni. Ni dada peke yake aliyebaki amesimama vilevile.

"Daftari gani?" akauliza.

Hapa lazima niwaeleze siri ya ufundi. Fundi mzuri wa nguo ana vipimo vya aina mbili: vya kitambaa na vya masikio ya mteja. Dada aliandika vyote viwili kwenye daftari lake, miaka kumi na minne. Mwaka jana Sifuri Nukta, kwa kujipendekeza ili asisumbuliwe chumbani, alimchapia daftari lote kwenye kompyuta, na akaliweka kwenye folda gani? Mnaijua. Na likakaa humo kimya, na yeye akalisahau kama alivyosahau kunyoa.

Mle ndani mmeandikwa hivi. Mwenye duka la dawa: kiuno arobaini na nne, mwambie thelathini na nane. Mwalimu mkuu: bega la kushoto limeshuka, jaza sponji, usiseme. Mwenye saluni: husema gauni limesinyaa kwenye maji, kubali. Kiongozi wa kikundi cha mazoezi: ameongezeka inchi tatu tangu aanze kutufundisha mazoezi, weka lastiki.

Dada akamwambia mwanawe alirudishe. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba halirudi. Basi alifute. Akasema akilifuta pale, liko kwa wenza wote kumi na mmoja, na kila mwenza anampa mwenzake. Ile sentensi ambayo kwa miaka minne aliitamka akijipiga kifua, siku hiyo aliitamka akiwa ameshika tumbo.

Tungeweza pengine kuwahi, lakini kulikuwa na kijana wa fotokopi. Huyo ni mtu mwaminifu: faili lolote linalojitokeza kwenye kompyuta yake, yeye huamini ni la mteja. Alikuwa ameshachapa nakala ishirini, amezitoboa, amezifunga kwa plastiki ya bluu, akazipanga kaunta akisubiri mwenyewe aje. Na kikundi cha mazoezi, Jumamosi, hupumzikia wapi? Mbele ya kaunta hiyo.

Lakini balaa la kwanza lilikuwa mlemle chumbani. Muuguzi mkuu alikohoa, akauliza kwa adabu kama na yeye yumo. Dada angeweza kudanganya. Kudanganya vipimo ndiyo kazi yake. Ila nadhani alichoka. Alifungua daftari lenyewe, la karatasi, akamsomea: kiuno arobaini na sita, mwambie thelathini na nane, mwache apumue.

Nawaapia, hata nzi alisimama hewani. Sare sitini zilikuwa zinaning'inia kwenye midomo ya mama yule. Sifuri Nukta akawa anarudi nyuma kidogo kidogo mpaka ukuta ukamkataza.

"Miaka tisa," muuguzi mkuu akasema hatimaye, "kila nguo niliyonunua kwingine inanibana mpaka naona nyota. Ya kwako tu ndiyo inanikaa. Nikawa nasema huyu fundi ana mkono wa baraka." Akachukua mkoba wake. "Kitambaa kinakuja Jumatatu vilevile. Na hao wasichana wangu sitini, wote wapime hivyohivyo, na wote wadanganye hivyohivyo."

Akaondoka na heshima zake zote, inchi arobaini na sita.

Sifuri Nukta akavuta pumzi. Na kwa kuwa mpwa wangu hajawahi kukutana na nafasi ya kunyamaza akaitumia, akanyoosha tai akasema, "Lakini Mama, tulikubaliana. Programu imefanya kazi."

"Imefanya kazi," dada akajibu. "Ndiyo maana unatoka. Ingeshindwa kama siku zote, ningekuonea huruma, ungebaki."

Kijana akanigeukia mimi, shahidi wake, aliyesikia mapatano kwa masikio yake mwenyewe. Mimi wakati huo nilikuwa naangalia dari. Dari ile ina ufa mmoja mzuri sana.

Basi mwanasayansi aliyefuta mtu wa kati duniani akageuka mwenyewe kuwa mtu wa kati. Alizunguka kompyuta kumi na moja kwa miguu, mlango kwa mlango, akifuta daftari kwa mkono wake. Duka la dawa walimsubirisha saa nzima, wakamuuzia panadoli alipolalamika kichwa. Ofisi ya shule mwalimu mkuu alimsimamisha kwenye kona, mtu wa miaka thelathini na mmoja, huku yeye mwenyewe akishika bega la kushoto. Saluni walimwondoa zile ndevu tisa bila kumuuliza kama ana uhakika.

Siku hizi anaishi kwangu, sebuleni, kwenye kochi, na programu inaendelea. Jana amenisomea maboresho ya sifuri nukta tisa nukta kumi na tano. Nimepiga makofi.

Ila bado sijawaambia sehemu yenyewe, ya namna alivyotoka nyumbani kwa mama yake. Maana watu walishafika. Wanawake walijaa uani, wakamwagika nje ya geti, wakafunga barabara mpaka kwenye taa, si chini ya mia mbili, kila mmoja nakala ya bluu mkono huu, kiatu mkono ule. Askari walikuja wakaona, wakarudi. Mpwa wangu amejikunja chini ya cherehani anatetemeka mpaka sindano zinacheza. Nani wa kuwakabili? Nikavaa koti. Nikasimama mlangoni peke yangu, nikainua mikono miwili, na kwa sauti ambayo mpaka leo wanaisimulia mtaa wa pili, nikawaambia wote mia tatu kwamba—

"Walikuwa saba, Mjomba," amesema Sifuri Nukta kutoka kwenye kochi, hata macho hajainua kwenye kompyuta yake. "Na wa saba ulikuwa wewe, umevuta tumbo ndani, unaniuliza kwa kunong'ona kama ukurasa wako nimeshaufuta."