Tone Moja la Dawa Nyekundu

Kinanda aliingia hospitalini kutafuta kivuli na maji ya bure, akatoka na biashara. Alikuwa amejinyoosha kwenye benchi la korido, na mlango wa wodi ya saratani ulikuwa wazi nusu. Ndani akamwona muuguzi anajivika kama anayekwenda kurina asali: joho la plastiki, glavu juu ya glavu, barakoa, miwani mikubwa. Makeke yote hayo kwa ajili ya bomba la sindano lenye dawa nyekundu, ya kumpenyezea mgonjwa polepole mshipani.

"Ina nini hata iogopwe hivyo?" alimuuliza jirani yake wa benchi.

"Inaua saratani, ya titi, ya damu, na nyinginezo. Lakini ikitoka nje ya mshipa inaunguza nyama. Ikimwagikia nguo, nguo hiyo unaivua papo hapo."

Kinanda alishukuru kwa adabu zote. Wengine wakisikia hatari hukimbia. Yeye husikia njaa. Kitu kinachoogopwa na waliosoma, alijiambia, nani atathubutu kukiombea punguzo?

Akanunua sharubati nyekundu, akaizimua kwa maji, akaitia kwenye chupa zilizooshwa vizuri, maana hata wizi unataka usafi. Akavaa koti lake la kijivu, akajiita daktari. Ndani ya koti hilo kulikuwa na mfuko uliobeba chumo lake lote la mjini, kwani benki hakuziamini: alihisi zimejaa watu kama yeye.

Mnyama wake wa kuwinda alikwisha kumchagua. Alikuwa mwenye duka la saruji na misumari, mtu wa mikono minene na kichwa chenye upara kama sahani, bahili wa kuzima taa ili afikirie gizani. Alikuwa akiishi na shangazi yake, aliyemlea tangu utoto, na sasa shangazi huyo alikuwa akitibiwa saratani ya titi kwa dawa nyekundu ile ile, ya kweli. Uvimbe uliokuwa kama limau ulikuwa umebaki kama harage. Daktari alimwonya: ukikatisha njiani, mama, uvimbe utarudi na ndugu zake.

"Bosi," Kinanda alisema, sauti ikimteleza kama mafuta, "kila mara teksi, kila mara vipimo, kila mara foleni. Ya nini? Dawa ninayo mimi, tena kwa jumla. Shangazi anachomwa sindano hapa hapa dukani, na chupa zinazobaki unawauzia wagonjwa wengine."

"Kwa faida?"

"Kwa faida na thawabu, bosi. Vyote viwili."

Macho ya bosi yaling'aa kama bati jipya. Bunda la noti likatoka chini ya kaunta, likaingia kwenye koti. Shangazi akaitwa chumba cha nyuma, akaja na kitambaa chake kichwani, akakaa juu ya mfuko wa saruji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Damu yangu hupimi kwanza?"

"Hii ni ya kisasa, mama. Haina maswali mengi."

"Na moyo? Wenzako huuangalia, wanasema dawa hii huuchosha."

"Moyo wako nausikia kutoka hapa. Unaimba!"

"Na nywele? Mimi zilinyonyoka zote."

"Hii inaziotesha! Hata za bosi." Bosi akajipapasa utosi kwa matumaini.

Shangazi akaitazama chupa aliyoiweka Kinanda mezani. Sisimizi walikuwa wamejipanga shingoni mwa chupa, na sisimizi hawana utani na sukari. Angeweza kupiga kelele. Lakini alimjua mwanawe wa kulea: ukimwambia mtu ameibiwa, anakukasirikia wewe kwanza, mwizi baadaye.

"Na ikimwagika, daktari?"

Kinanda alivuta pumzi. Hapo ndipo aliponogea siku zote. "Tone moja tu, mama, ni balaa! Unavua kila kitu. Nguo ndani ya mfuko, mfuko unafungwa, mtu anaoshwa kwa sabuni na maji mengi. Hakuna mjadala."

"Maskini!" Shangazi akainuka, akaishika chupa iliyo wazi, akajikwaa mahali pasipo na kitu. Sharubati yote ikamshukia Kinanda kutoka kola hadi magotini.

"Si kitu, si kitu," Kinanda alisema, "imenigusa kidogo tu."

"Kidogo?" Shangazi alipiga yowe. "Baba wee, mwokoe daktari wa watu!"

"Vua!" bosi alinguruma.

Kinanda aliitazama ile mikono inayobeba saruji kama mto wa kulalia. Akisema ni sharubati, atavunjwa. Akinyamaza, atavuliwa. Akavua koti.

"Bosi, nitoe vijikaratasi vyangu tu mfukoni..."

"Vimelowa sumu!" alisema Shangazi. "Na suruali, baba. Hakuna mjadala."

Bosi alimsugua uani kwa sabuni ya kufulia na bomba la maji, kwa huruma ya kweli na brashi ya sakafu. Kisha Kinanda akatokea mlango wa nyuma, amejifunga mfuko mtupu wa saruji kiunoni, akawaaga watu wa mtaa kwa heshima kana kwamba ndiyo suti ya mwaka.

"Na mfuko huu wa nguo?" bosi aliuliza, amesimama mbali.

"Unachomwa kwenye tanuru la hospitali. Usiuguse. Niitie teksi, nitaupeleka mwenyewe," Shangazi alisema.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, bosi alilipa teksi bila kuuliza bei.

Wodini, baada ya damu kupimwa na moyo kusikilizwa, muuguzi aliuweka mkono wa Shangazi juu ya mto, akaanza kuisukuma dawa nyekundu, ya kweli.

"Ikikuchoma hata kidogo, mama, sema mara moja. Na mkojo ukiwa mwekundu usishtuke, ni dawa tu." Akaviinamia vidole vya mgonjwa wake. "Mbona vidole vyako vinanata?"

"Nilikuwa nahesabu nauli za sindano zangu zilizobaki, mwanangu. Nimepewa na daktari mmoja. Alivua mpaka nguo kunisaidia."

Mabega ya muuguzi yalianza kutikisika ndani ya joho.

"Mama, nakuomba," alisema, macho yamejaa machozi nyuma ya miwani, "usinichekeshe. Sindano itahama."