Nondo Tisa wa Mtego wa Maktaba

Jumatatu, 3 Machi
Naapa kuandika kila kitu humu, hata yale ya kuniaibisha. Mwalimu wa biolojia anasema mtafiti anayeficha namba ni mwizi. Mimi si mwizi.

Basi. Huu ni mwaka wa kumi na moja shule yetu ikihesabu nondo na mbawakawa. Taa ile ile ya kuwavuta usiku, ndoo ile ile ya kuwanasa, ukuta ule ule, wiki ya kwanza ya kila mwezi. Asubuhi tunafunua, tunahesabu, tunaandika joto, tunawaachia. Joto likipanda mwaka hadi mwaka, tutajua nani anaongezeka na nani anatoweka. Ijumaa anakuja Daktari wa Wadudu kutoka chuo kikuu kuchukua namba, na mwalimu atateua mtunza daftari. Naitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. (Mama asisome hapa: hata kuliko kufaulu hesabu.)

Mtego wangu wa maktaba: nondo tisa, mbawakawa wawili. Mtego wa bustani, wa Rula: nondo thelathini na mmoja! Tunamwita Rula kwa sababu hupigia mstari hata jina lake. Akaniuliza kwa upole kama nondo wangu wamekwenda likizo.

Jumanne, 4 Machi
Nondo wanane. Rula akasema pole, mwenzangu, labda hawapendi kusoma. Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, nionekane nina moyo mkubwa. Sina.

Jioni nilimwendea mjomba, fundi umeme. Nikamwambia nahitaji taa kwa ajili ya sayansi. Akauliza sayansi ya ukubwa gani. Nikasema kubwa. Akatoa taa iliyobaki kwenye kazi yake ya uwanja wa mpira, aje anifungie. Mama akauliza inakwenda wapi. Nikasema maktaba. Kweli tupu!

Jumatano, 5 Machi
Ushindi! Nondo mia tatu kumi na wawili! Mbawakawa sitini, mmoja ana pembe. Wawili waliniingia ndani ya shati, nao nimewaandika. Mlinzi ananung'unika kwamba majogoo wa jirani wamewika usiku kucha, naye hakusinzia hata kidogo. Anasema ataandika barua.

Mtego wa Rula, hatua arobaini kutoka wangu: nondo wanne. Machozi yalimlengalenga. Nilifurahi. Kisha nikajisikia vibaya. Kisha nikafurahi tena.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Mwalimu alikuwa akichora namba kwenye chati ya ukutani. Jumatano yangu haikuenea. Akabandika karatasi juu ya karatasi mpaka akagusa dari. Akashuka kwenye kiti, akasema ama dunia imechemka tangu Jumanne, ama kuna mtu amebadilisha taa.

Nilikiri. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema hatushindanishi nondo. Tisa ni habari, wanane ni habari. Sisi ndio tusiobadilika, ili kikibadilika kitu tujue ni joto. Na taa yangu imewavuta hata wa bustani, kwa hiyo siku ya Rula nayo imeharibika.

Nililia. Rula akanipa leso. Imepigwa pasi!

Ijumaa, 7 Machi
Daktari ni dada tu, viatu vimejaa tope. Nilimweleza mwenyewe. Akakata Jumatano kwa mstari mmoja, pembeni akaandika "taa". Mtunza daftari: Rula. Nilipiga makofi.

Kisha Daktari akauliza nani aliwahesabu wale tisa na wale wanane. Nikanyoosha mkono nusu. Akasema mwaka wa kwanza ukuta ule ulikuwa na arobaini, na kwamba namba zangu ndogo ndizo alizozifuata safari yote hii.

Mwalimu akanikabidhi kipimajoto, nikisome kila siku. Simama, soma, andika, usiguse. Nikifanya vizuri, mwakani huenda daftari likawa langu. Huenda!

Jumatano, 12 Machi
Nyuzi ishirini na nne. Jana ishirini na nne. Juzi ishirini na nne. Kwa hali hii nani atanikumbuka mwakani? Nimeandika barua, naiposti leo:

"Dada Daktari, shikamoo. Nimejirekebisha, taa siigusi tena kabisa. Ila joto letu halisogei, nami naona haya kukupa namba moja kila siku baada ya wewe kutoka mbali hivyo. Kipimajoto kimetundikwa kivulini, lakini jua lipo tele hatua tatu tu pembeni. Tafadhali nijibu mara tu upatapo barua hii: ungependa liwe nyuzi ngapi?"