Vidonge Hewa na Harufu ya Yai Viza

Jumatatu, 3 Machi
Nimelala tena sebuleni. Mama watoto kasema nitarudi chumbani kikohozi kikikoma, si kabla. Kochi fupi, miguu mirefu, mbavu zangu ndizo zinazojua! Tumaini liko hospitalini. Watafiti wanachunguza kama kidonge cha kuzuia oksidi, kinachotokana na asidi amino, kinaweza kulainisha makohozi ya wenye vifua vibovu kama sisi maseremala. Nusu yetu tumepewa dawa, nusu vidonge hewa, havina kitu ndani. Nani kapata nini? Hata muuguzi hajui. Nitajua mimi.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji, kaka yake mama watoto, naye yumo kwenye utafiti. Fundi rangi. Siku hizi anapanda ngazi bila kuhema, kisha ananitazama kwa dharau. Leo kaja kunisalimu, kaacha mkoba kitini akaenda kunawa. Nikafungua chupa yake. Yai viza! Nikanusa yangu. Yai halimo. Kumbe dawa ya kweli inanuka, na mimi nimepewa hewa! Nimeonewa mchana kweupe. Sikulaza damu: vyangu vikaingia kwake, vyake kwangu.

Alhamisi, 6 Machi
Mafanikio! Kikohozi kimepungua. Fundi mwenzangu anadai ni kwa sababu nimeanza kufunga kitambaa puani ninapopiga randa. Wivu tu. Mama watoto kauliza mbona uvundo wa yai bovu umerudi. Nikamjibu hiyo ndiyo harufu ya uzima. Hakuniita chumbani, lakini kaacha mlango wazi. Moyo umenidunda kama wa kijana.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji kaja kujisifu kwamba kifua chake hakijawahi kuwa chepesi hivi. Maskini! Anaponywa na hewa. Nimemwonea huruma, nikamwongezea chai.

Jumatatu, 10 Machi
Balaa. Siku ya kurudisha chupa. Muuguzi kafungua ya shemeji, kakunja uso, kauliza mbona vidonge vinanukia kahawa. Shemeji kaapa kwamba kahawa hanywi. Mama watoto, aliyenisindikiza, kanigeukia taratibu. Kumbe vyangu alikuwa akivihifadhi kwenye kopo la kahawa, kwa kuwa uvundo ulimfukuza jikoni, kisha akavirudisha chupani!

Daktari akaeleza kwamba vidonge vyote, vya kweli na hewa, vinanuka yai; vya hewa vimetiwa harufu makusudi, ili watu wa aina yangu wasibahatishe. Yaani huenda dawa nilimgawia shemeji kwa mikono yangu mwenyewe! Shemeji alicheka mpaka akakohoa. Matokeo yetu yamewekwa kando. Tukiapa kutochezea tena, tutaingia kundi jipya. Nimeapa.

Njia nzima mama watoto alinitangulia. Tulipofika akachukua mto wangu kochini. Nikajua sasa nalala nje. Akaupeleka chumbani! Kasema mwanamume anayehangaika hivi ili arudi kwa mkewe, basi arudi, akohoe asikohoe. Nimefurahi hadi machozi.

Jumanne, 11 Machi
Nimelala kitandani mwangu. Nilikohoa mara moja, hakunifukuza. Asubuhi tumepewa chupa mpya. Nimeapa kutonusa, na sinusi. Kunusa kulikuwa utoto. Siri iko kwenye uzito! Mwenye duka la nafaka kakubali kuniazima mizani. Shemeji nimemwalika chakula cha jioni. Nimemsisitizia asisahau mkoba.