Mhimili wa Nyuzi Hamsini na Mbili

Jumatatu, 7 Oktoba
Mke wangu ametoa amri. Jumamosi wazazi wake wanakuja. Wakiiona sayari ya Zohali na pete zake, bila darubini yangu kuipoteza kila mara, paa la nyumba ni langu. Wasipoiona, paa ni la shemeji, kaka yake, ajenge banda la kuku. Kuku! Juu ya kichwa changu! Nimekubali kwa tabasamu. Kitabu cha vipimo vya stendi ya darubini ninacho, mbao ninazo, na bawaba nimezing'oa kwenye mlango wa bafu. Bafu sasa lina pazia.

Jumanne, 8 Oktoba
Mambo yanakwenda! Siri ya stendi hii ni mhimili wake: uelekee kaskazini, uwe sambamba na mhimili wa dunia. Dunia ikizunguka huku, mimi nazungusha darubini taratibu kule, na nyota haitoki kwenye kioo. Kitabu kinasema uinuliwe nyuzi hamsini na mbili. Nimekata hamsini na mbili kamili. Seremala amesifu. Kweli, alisifu msumeno wake niliouazima, lakini nani alikuwa ameushika?

Jumatano, 9 Oktoba
Shemeji kaja kusalimia, eti. Mkononi ana futi kamba. Anapima paa langu! Akaitazama stendi, akauliza kitabu kimeandikwa wapi. Nikamwambia, huko kwenye theluji.
"Basi shemeji, pembe hiyo ni ya kwao," akasema. "Sisi tuko karibu na ikweta. Mhimili wako inabidi ulale kabisa."
Mfuga kuku ananifundisha anga! Nikamjibu kwamba nimesoma kitabu kizima. Kasoro ukurasa mmoja wenye jedwali, ambao ulinichosha.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimejaribu. Nyota inaingia kwenye kioo na kutoka hapohapo, kama mgeni aliyekosea nyumba. Nimeusoma ule ukurasa: pembe hufuata nyuzi za mahali ulipo kutoka ikweta. Shemeji yuko sahihi. Nimeumia sana. Lakini kukata mbao upya ni kumpa ushindi, na hilo halitokei.

Ijumaa, 11 Oktoba
Nimepata! Sikati kitu. Nimeinua miguu ya kusini kwa matofali, kreti mbili na mtungi mtupu wa gesi, mpaka mhimili ukalala. Upande wa pili wa darubini unaning'inia uzito wa kusawazisha: kopo la rangi lililojaa saruji. Mke wangu kauliza kwa nini stendi imepiga magoti. Wivu wa ukoo.

Jumamosi, 12 Oktoba
Baba mkwe aliweka jicho. Zohali ikatulia. Pete! Hazikusogea! Mzee alinishika mkono, nami machozi yakanilenga. Paa ni langu!
Ningenyamaza hapo. Lakini nilimwambia shemeji kwamba hamsini na mbili ndiyo pembe sahihi, matofali ni mapambo tu. Akacheka. Kumthibitishia, nikachomoa tofali. Moja tu. Stendi ikapinduka, kopo likatoboa tenki la maji la hapo paani, na mama mkwe, aliyekuwa akisubiri zamu yake, akalowa chapachapa. Mke wangu amesema paa ni la kuku.

Jumapili, 13 Oktoba
Kuku wamehamia. Nimetafakari kwa utulivu. Kitabu hakina kosa. Mbao hazina kosa. Kosa ni la nyumba hii kukaa karibu na ikweta. Nimemweleza mke wangu kwamba dawa ni kuhamia huko kwenye nyuzi hamsini na mbili. Amenisikiliza vizuri, kisha akaleta sanduku na kuanza kupanga nguo zangu. Zangu tu. Sikujua kama ananiunga mkono kiasi hiki.