Pipa la Nyanya la Castelfosco

Ermete Pallotta alikuwa amepotea njia katika vilima vya Cilento, kusini mwa Italia, alipoiona ile nyumba, na papo hapo akaacha kuwa mtu aliyepotea. Alisimamisha gari katikati ya barabara. Nyumba ya mawe, madirisha yamefungwa kwa mbao za kijani, mtini uani, na chini kabisa, kati ya vilima viwili, kipande cha bahari. Akabisha hodi. Kimya. Akabisha tena, polepole, kama mtu anayeomba asijibiwe. Kisha akainua chungu cha mrehani kilichokuwa kando ya mlango, na ufunguo ulikuwa pale pale, kwa sababu huko kusini watu huficha ufunguo chini ya chungu cha mrehani, na matapeli wote wa Roma wanalijua hilo.

Mrehani ulikuwa mbichi na udongo wake ulikuwa na maji. Swali moja dogo, kwamba ni nani anayeumwagilia maji mmea wa nyumba isiyo na watu, lingemwepusha Ermete na mengi. Hakujiuliza. Alikuwa ameshaanza kupiga picha.

Tumpe haki yake: Ermete hakuwa mwizi. Mwizi huchukua. Ermete alikodisha. Kwa miaka mingi alikuwa amewakodishia watu nyumba nzuri za likizo mashambani na pwani, nyumba zenye majiko makubwa ambamo mgeni hujipikia mwenyewe, na kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba hakuna hata moja iliyokuwa yake. Na jambo la kusikitisha zaidi, mtu huyu aliyewauzia wenzake likizo tangu ujana wake, mwenyewe hakuwahi kwenda likizo.

Likizo aliyoitaka haikuwa na villa wala vilima. Alitaka mwavuli wa mstari wa mbele katika ufuko wa Bwana Sirio, karibu na Roma. Katika fukwe za kulipia mwavuli ni cheo. Mstari wa mbele hukaa wanasheria na madaktari wa upasuaji, na watu hurithishana nafasi zile kama mashamba. Marehemu baba yake Ermete alikodi kila Agosti mwavuli wa mstari wa mwisho, ubavuni mwa vyoo, na mama yake alikuwa akisema kwamba angalau hapo hawaendi mbali. Ermete alikua akitazama bahari kupitia migongo ya watu. Sasa mwanasheria mmoja wa mstari wa mbele alikuwa amefariki bila mrithi, na Bwana Sirio alikubali kumshikia Ermete nafasi hiyo hadi wiki ya sikukuu ya Agosti, mradi pesa ije taslimu. Ermete alilala na mwavuli huo, akaamka nao.

Wateja walijitokeza baada ya picha kuwekwa mtandaoni. Walikuwa Dokta Piergiorgio Locatelli, daktari wa meno wa Bergamo, na mkewe Ornella, ambaye alisikiliza kwenye simu ya pili.

"Nyumba yako ni ya mashambani au ya pwani?" aliuliza daktari.

"Wewe unataka ipi, daktari?"

"Zote mbili."

"Una bahati ya ajabu. Ndiyo hiyo."

"Tunataka utulivu kabisa," Bi Ornella aliingilia. "Lakini duka lisiwe mbali. Na tunajipikia wenyewe, mikahawa ya huko inatukamua. Na tunataka maisha halisi ya kijijini, umenielewa? Watu halisi. Sio mambo ya watalii."

"Bibi, huko hata kuku ni halisi."

"Na bei yako," alisema daktari, "ni ya pamoja na risiti?"

"Kwa risiti bei ni nyingine."

Daktari akapima dhamiri yake na kodi ya serikali kwenye mizani moja. Dhamiri haikukawia kushindwa.

"Risiti ya nini bwana! Sisi ni watu wa kuaminiana. Nitakupa mkononi nikishaliona jiko." Kisha akaziba simu kwa kiganja, lakini hakuiziba vizuri, na Ermete alimsikia akimwambia mkewe, "Mjinga huyu hajui nyumba za Agosti zinavyolipa!"

Ermete alifurahi. Hapana mteja mtamu kama yule anayedhani yeye ndiye anayeiba.

Basi siku ya miadi ilipofika, mwanzoni mwa Agosti, alivaa shati jeupe la kitani na viatu vyake vya ngozi laini, akapanda mapema hadi Castelfosco, kijiji cha ile nyumba, ili afungue madirisha kabla wageni hawajafika. Mpango ulikuwa mwepesi: aoneshe jiko, apokee bahasha, aage kwa machozi kidogo, ashuke moja kwa moja hadi kwa Bwana Sirio.

Uani alikuta kijiji kizima. Makreti ya nyanya yalikuwa yamepangwa hadi dirishani. Wanawake wamekunja mikono ya magauni, wanaosha, wanakata, wanasaga. Wanaume wawili walikuwa wakibingirisha pipa la mafuta lililokatwa juu kuelekea chini ya mtini, na pembeni palikuwa na mlima wa chupa za bia za kahawia, zimeoshwa, zinangoja kujazwa rojo na kuchemshwa pipani. Ilikuwa siku ya kutengeneza rojo la nyanya la mwaka mzima. Kusini yote watu hulitengeneza Agosti, na ukoo wa mwenye nyumba ulilitengeneza katika ua ule tangu zamani, mwenye nyumba awepo asiwepo. Ermete alizaliwa Roma, kwenye ghorofa ya tano. Rojo la nyanya alilijua kutoka dukani.

Katikati ya uani, kwenye kiti cha nyasi, alikaa mwanamke mfupi mnene mwenye aproni kubwa. Kijiji kizima kilimwita Shangazi Titina.

"Wewe ni nani, mwanangu?"

"Mimi? Mimi ni rafiki wa mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni kaka yangu Vito. Yuko Ujerumani. Umekuwa rafiki yake wapi?"

"Huko huko Ujerumani."

"Mji gani?"

"Ule mkubwa."

Shangazi Titina alimtazama viatu. Halafu alitazama barabarani, ambako gari jeusi lenye namba za Bergamo lilikuwa linaegeshwa, akatazama tena viatu.

"Na wale?"

Ermete aliona hana njia. Aliinama, akasema kwa sauti ya chini, "Wale wamekuja kupanga nyumba kwa likizo, shangazi. Vito mwenyewe ameniomba. Ili kumsaidia kidogo na paa."

"Wanalipa?"

"Wanalipa."

"Basi endelea, mwanangu," alisema Shangazi Titina. "Usiwachoshe wageni kwa kusimama juani."

Bi Ornella alishuka garini akashika mashavu yake kwa mikono miwili. "Piergiorgio! Watu halisi!"

"Karibuni, karibuni sana!" Ermete alitanua mikono kana kwamba nyanya zote zile alizipanda yeye. "Mmefika siku ya heri. Siku ya nyanya! Haimo kwenye tangazo kwa sababu hatutaki wajue watalii."

"Na sisi tunaweza kushiriki?"

"Kushiriki kuna nyongeza kidogo," ilisema sauti, na haikuwa ya Ermete. Ilikuwa ya Shangazi Titina, ambaye hakuacha kukata nyanya. "Ya aproni."

Ermete aligeuka kumtazama. Kwa mara ya kwanza maishani alisikia maneno yake yakitoka kinywani mwa mtu mwingine.

Daktari alilipa nyongeza. Alilikagua jiko, akafungua na kufunga bomba, akalalamika kuhusu sufuria, akaomba apunguziwe kwa sababu ya nzi, na mwishowe, nyuma ya mtini, alimpa Ermete bahasha nono. Dakika iyo hiyo akawa amefungwa aproni na anasaga nyanya, jasho linamchuruzika hadi kwenye miwani, huku mwanamke mmoja aliyeitwa Assunta akimpigia kelele.

"Zungusha, daktari, zungusha! Unang'oa meno ya watu na huwezi kuzungusha mpini?"

"Mke wangu, sikia anavyonitukana!" alisema daktari kwa furaha. "Bergamo hawatatuamini!"

Ermete alikuwa ameshika ufunguo wa gari lake wakati Sajenti Rocco wa polisi alipoingia uani, kofia kwapani, sare imebana tumbo.

"Gari la Roma lililoziba njia ni la nani?"

Ermete akarudisha ufunguo mfukoni. Alijua sajenti amekuja kwa ajili yake. Tapeli yeyote angejua hivyo. Kumbe sajenti alikuwa mpwa wa Shangazi Titina na alikuja kula, kwa sababu siku ya nyanya watu hula uani wote pamoja. Ila Ermete angelijuaje? Alijua tu kwamba bahasha ilikuwa ndani ya shati jeupe la kitani, na shati lilikuwa limelowa jasho hadi linaonesha kila kitu.

Akarudi kinyumenyume hadi kwenye mlima wa chupa. Alichukua chupa moja ya kahawia, akaviringisha noti na kuzisukuma ndani moja baada ya nyingine, akaokota kifuniko, akakigandamiza kwa mashine ya mkono kama alivyoona wengine wakifanya. Chupa ikafungwa vizuri kabisa. Kwa rangi ile hakuna jicho ambalo lingeona kilichomo. Alikuwa karibu kujipongeza Assunta alipopita, akampokonya.

"Lete hapa, usisimame nayo kama mgonjwa na dawa!" Akaizungushia tambara, akaichomeka kwenye pipa katikati ya mia nyingine zilizofanana nayo.

"Hiyo ni yangu!" Ermete alisema.

"Ni yetu sote," alisema Assunta.

Sajenti Rocco alimshika bega. "Wewe ndiye mgeni? Njoo ukae nami. Tambi zinapoa."

Akakaa. Angefanyaje? Alikula tambi za nyanya mbichi ubavuni mwa polisi, ameupa mgongo ule mtini, huku nyuma yake akisikia maji yakimiminwa pipani na kuni zikivunjwa. Mara moja alipogeuka alimwona Shangazi Titina ameinama juu ya pipa, anapanga panga matambara. Shangazi aliporudi mezani mfuko wa aproni yake ulikuwa umetuna. Ermete aliona, akadhani ni nyanya.

"Chupa zinatoka lini?" aliuliza baada ya moto kuwashwa, kwa sauti aliyotaka iwe ya mtu asiyejali.

"Kesho," alisema Shangazi Titina. "Zinapoa humo humo. Ukizitoa zikiwa moto zinapasuka. Una haraka, mwanangu?"

"Haraka ya nini, shangazi? Nitazilinda mwenyewe."

"Una moyo mzuri. Vito anajua kuchagua marafiki."

Basi Ermete alilinda pipa. Alilala kwenye kiti cha nyasi, viatu vyake vya ngozi vimejaa majivu, wakati daktari na mkewe wamelala ndani kwenye kitanda cha Vito. Alipofumbua macho jua lilikuwa limepanda, pipa tupu, na chupa zote zimepangwa mezani kwa mafungu, kila kaya na lake. Alizivamia. Alinyanyua moja, akainyanyua nyingine, akaitikisa, akaitazama kwenye mwanga.

"Unatafuta nini?" aliuliza Shangazi Titina.

"Nashangaa tu, shangazi. Jinsi zilivyofanana."

"Acha kushangaa, za kwako nimekuwekea. Umefanya kazi, lazima ule jasho lako." Alimsogezea kreti ya chupa kwa mguu.

Ermete alizipima mkononi moja moja. Nzito. Nzito. Nzito. Ya kwenye kona ilikuwa nyepesi kama hewa, na alipoitikisa kitu kikavu kilichakacha ndani. Ilibidi aume shavu lake asicheke. Alimbusu Shangazi Titina mashavu yote mawili, akamwita mama, akaapa hatalisahau Castelfosco, akateremka mlima kwa kasi ambayo hata kuku halisi walimpisha.

Kwa Bwana Sirio alifika akiwa bado ananuka moshi. Mwavuli wa mstari wa mbele ulikuwa wazi, wa bluu, na mbele yake hapakuwa na mgongo wa mtu yeyote. Bahari nzima ilikuwa yake. Ermete alikaa. Machozi yalimlengalenga, na safari hii yalikuwa ya kweli.

"Pesa," alisema Bwana Sirio.

"Nipe kifungulio," alisema Ermete, kwa sauti kubwa kidogo ili mke wa daktari wa upasuaji, aliyelala mwavuli wa jirani, aone jinsi watu wakubwa wanavyolipa. Alifungua chupa. Aliipindua juu ya taulo, akaipiga kitako.

Majani makavu yakamwagika. Mengi, ya kijani, yametwangwa vizuri. Harufu ikatambaa mstari mzima wa mbele.

"Oregano," alisema mke wa daktari wa upasuaji, akinusa. "Ya milimani hiyo. Ya dukani hainuki hivyo."

Hapo ndipo Ermete alipoelewa. Chupa ya rojo huzama. Chupa ya noti huelea. Maji yalipomiminwa ilichomoza katikati ya matambara mbele ya macho ya Shangazi Titina, naye akaichomoa huku Ermete anapakua tambi za pili. Na kwa kuwa mtu aliyepata anachokitafuta huondoka bila kupekua, alimpa anachokitafuta. Kazi safi. Ermete mwenyewe asingeifanya vizuri zaidi, na hilo ndilo lililomuuma.

Bwana Sirio hakuwa mtu mbaya. Alifungua chupa mojawapo ya rojo, akachovya kidole, akalamba, akafikiri, akachovya tena. "Kreti yote hii," alisema, "na unakaa hadi mwisho wa mwezi."

"Hapa?"

"Pale."

Pale palikuwa mstari wa mwisho, ubavuni mwa vyoo. Ermete alikuwa hajamaliza kufungua kiti wakati simu ilipolia. Alikuwa Dokta Locatelli, sauti imejaa furaha.

"Bwana Pallotta! Tunakushukuru kutoka moyoni! Leo tumeamshwa alfajiri kumenya nyanya za jirani, na kesho ni za padri. Mke wangu analia kwa raha! Tumeshalipia Agosti ya mwakani, kwa shangazi mwenyewe, mkononi, bila risiti. Fundi wa paa ameshakuja! Ndio, shangazi anakusalimia sana. Anauliza, oregano imefika salama?"

Ermete alitazama mbele. Aliona migongo, na katikati ya migongo miwili ufa mdogo wa bluu.

"Mwambie imefika," alisema, akavuta miguu kumpisha mtu aliyekuwa anakimbilia chooni.