Njia Yangu ya Siri ya Kwenda Uwanjani

Jumatano, 11 Juni

Tess ataimba wimbo wa taifa uwanjani Jumamosi, mbele ya watu elfu arobaini! Yeye na kwaya nzima ya shule, lakini mimi nitamsikia yeye tu. Saa saba na dakika kumi mchana, dakika kumi kabla ya mechi ya besiboli. Atasimama mstari wa tatu, wa pili kutoka kushoto, na atanitafuta kwa kofia yangu ya kijani. Nimeapa nitakuwepo. Akauliza kama ni kiapo kile kile cha Aprili. Miaka kumi na moja tu, ulimi kama wa mama yake.

Aprili haikuwa kosa langu. Njia yangu ya mkato ilikuwa safi kabisa. Daraja la mtoni ndilo lililoinuliwa kupisha mashua za matajiri, moja moja, bila haraka. Nilifika kwenye tamasha la kwaya yake watu wanakunja viti. Tess hakulia. Alisema tu "si neno, Baba," na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jioni akaja shemeji Declan, kaka yake mke wangu Lorraine. Declan ni dereva wa treni za mji, na hawezi kumaliza bia moja bila kukueleza ratiba. Akasema safari ya uwanjani ni kitu chepesi: panda treni hapa karibu, badilisha katikati ya mji, shuka mlangoni pa uwanja. Dakika hamsini na tano, hata mtu kama mimi hawezi kupotea. Lorraine akasema wao wawili watakwenda hivyo. Nikawashukuru, nikawaambia nina mpango wangu.

Na huyo Declan ni shabiki wa Weusi, timu ya kusini! Nyumba hii ni ya Bluu, timu ya kaskazini, tangu enzi za babu yangu. Mtu wa Weusi anifundishe mimi njia ya kwenda uwanja wa Bluu? Bora niende kwa magoti.

Alhamisi, 12 Juni

Mpango umeiva. Kuna kanisa upande wa kaskazini, hatua mia moja kutoka stesheni. Ua wake mkubwa, geti wazi, mlinzi hakuna. Naacha gari pale, napanda treni, nashuka kituo cha tano, cha uwanja. Wengine wote watakuwa wanazunguka uwanja wakitafuta pa kuegesha huku wakitukanana.

Lorraine akauliza kwa nini nisipande treni tangu nyumbani, kama mwisho wake ni treni tu. Nikamjibu kwamba mambo ya mikakati hayajui. Akasema mambo ya Aprili anayajua.

Ijumaa, 13 Juni

Leo majaribio. Nimemwambia bosi jino linaniuma. Ua wa kanisa mtupu, mzuri, unanisubiri mimi. Mlangoni palibandikwa karatasi fulani, sikuisoma, nilikuwa natazama saa.

Treni ikaja mara moja. Tatizo dogo: dereva alikuwa Declan. Akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba bwana mwenye kofia ya kijani aache kuziba mlango, na kwamba jamaa zake wanamsalimu. Behewa zima likanigeukia. Nikajikausha.

Jumla: dakika arobaini na moja. Declan hamsini na tano. Nimeandika tarakimu zote mbili kwenye karatasi, nimeibandika kwenye friji.

Jumamosi, 14 Juni

Salale, siku gani hii.

Tess aliondoka asubuhi na basi la shule. Nilifika kanisani saa tano na robo, wakati tele. Ua umejaa magari, yamepangwa kwa mstari mmoja mzuri. Nikasema moyoni, watu wamenigundulia siri yangu. Nikaingia penye nafasi, nikatulia nimalize mkate wangu. Gari likaja nyuma yangu, na jingine nyuma yake. Mara bwana mmoja mwenye suti nyeusi akabandika karatasi ya rangi ya chungwa kwenye kioo changu. Imeandikwa MAZISHI.

Nikashusha kioo, nikamweleza kwamba kuna makosa, mimi sihusiki. Akaniwekea mkono begani, akasema kwa upole kwamba wote tunakataa mwanzoni. Niwashe taa tu, nifuate gari la mbele. Akaenda zake. Mstari ukaanza kusogea. Mbele gari, nyuma gari, kushoto ukuta. Ningefanyaje? Nikawasha taa.

Hapa lazima niseme ukweli, maana daftari hili ni langu. Sijawahi kuendesha gari vizuri vile katika mji huu. Taa nyekundu tunapita, msafara wa mazishi hausimamishwi. Malori yanatupisha. Polisi mmoja alinivulia kofia! Na kadiri tulivyokwenda ndivyo nilivyozidi kuzitambua zile barabara. Makaburi yenyewe, kumbe, yako jirani na uwanja. Saa sita na dakika tano niko ndani ya geti na taa za uwanja naziona juu ya miti. Kwa mguu, dakika kumi na tano. Karibu niimbe.

Nikaanza kunyata kuelekea getini. Bibi mmoja mfupi akanishika mkono. Mjane. Bi Ludwika. Akauliza nilimfahamu vipi mumewe, Mzee Bruno. Ulimi ukanitangulia: nikasema besiboli. Macho yake yakajaa machozi. Akasema marafiki wa besiboli wa Bruno wote wameshatangulia, hakutegemea kumwona hata mmoja leo. Akaomba niseme maneno mawili.

Padri alipomaliza ilikuwa saa saba kasoro ishirini na tano. Nikasimama mbele ya watu sitini wenye tai nyeusi. Nikasema Mzee Bruno hakuwahi kutoka uwanjani kabla ya mwisho, hata timu ikifungwa vibaya. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikapata moto. Nikasema ni jambo la heri kwamba atalala hapa, jirani na uwanja wetu, akisikiliza kelele za Bluu milele na milele.

Vichwa vikaacha kuitikia. Mtoto wake wa kiume akaja akaninong'oneza kwamba mzee alikuwa wa Weusi, miaka themanini. Nikaangalia zile tai vizuri. Kila moja ina nembo ya Weusi. Msibani, nani angejua?

Wa kwanza kucheka alikuwa Bi Ludwika. Alicheka mpaka akamshikilia padri. Akasema kaburi ni la ukoo wake yeye, na Bruno alilalamika miaka hamsini kwamba atazikwa miguuni pa adui. Kisha wakacheka wote, na wengine wanalia humo humo. Bi Ludwika akanitazama, akaniambia, "Haya mwanangu, wewe hukumjua Bruno wangu hata kidogo. Ulikuwa unakwenda wapi?"

Nikamwambia yote. Tess, saa saba na dakika kumi, Aprili. Akatazama saa yake, akanipiga begani, akasema nikimbie.

Nilikimbia. Nilifika ngazi za juu kifua kinawaka, wao wanaanza. Mstari wa tatu, wa pili kutoka kushoto. Nikaipunga ile kofia mpaka mzee wa nyuma akalalamika. Tess akaniona. Akatabasamu na akakosa maneno mawili ya wimbo wa taifa. Nililia hadharani na sioni aibu.

Declan na Lorraine walikuwa wameketi tangu saa tano na nusu. Shemeji, mdomo umejaa soseji, akauliza nimefikaje. Nikasema kwa msafara. Bluu tukashinda. Makaburi hufungwa saa kumi na nusu, kwa hiyo gari limelala huko na wafu. Tumerudi wote kwa treni, Declan akitutajia kila kituo. Dakika hamsini na tano kamili.

Jumapili, 15 Juni

Siku ya Akina Baba. Tess kanipa kofia mpya, ya kijani. Tumekwenda kulichukua gari, kwa treni. Akasema mbona njia hii ni rahisi. Nikamwambia atakua ataelewa.

Habari kubwa: kwaya imealikwa tena, Jumamosi tarehe 9 Agosti! Nimekaa na gazeti tangu mchana. Lorraine akauliza tangu lini nasoma matangazo ya vifo. Nikamwambia mtu mzima hufuatilia mambo ya jamii. Agosti bado mbali, hakuna aliyetangazwa.

Nimempigia Bi Ludwika kumjulia hali. Kafurahi sana. Nikauliza, kwa adabu tu, hali za ndugu zake wote. Akasema kabaki dada mmoja, Bi Jadwiga, ana miaka tisini na sita. Mzima wa afya, anacheza karata kila Alhamisi. Kaburi ni hilo hilo la ukoo.

Nimeliandika jina lake kwenye karatasi ya friji. Kwa penseli.